Hatua za Mtu Mmoja Jikoni

Hospitalini, alikoshona kwa miaka ishirini na saba, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Vipimo. Daktari mgeni angepita mara moja tu ukumbini, naye angemtupia jicho kuanzia mabegani hadi magotini, kisha arudi ndani akate gauni la upasuaji bila kushika tepu. Likivaliwa, linakaa. Alikuwa mkuu wa chumba cha ushonaji, chumba kirefu nyuma ya dobi, chenye cherehani tisa na madirisha yasiyokauka kwa mvuke wa nguo zilizokuwa zikichemshwa ng'ambo ya ukuta. Humo zilitoka shuka za wodi zote, nguo za wagonjwa zenye kamba mgongoni, vitambaa vya upasuaji vyenye tundu katikati, na vigauni vya watoto wachanga vilivyokatwa kwenye shuka kuukuu, maana shuka iliyochakaa ndiyo laini kwa ngozi changa.

Mumewe alikuwa mkaguzi wa shule, na kazi hiyo ilikuwa imemwingia damuni. Hata baada ya kustaafu, akiingia chumba chochote hakukaa kabla hajazungusha macho pembe zote nne, utadhani ripoti inasubiriwa. Mtaani walimwita Mkaguzi mbele yake, na jina lenyewe alilipenda. Hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu ndilo lililofanya mambo yote yawe magumu baadaye. Hakuwa mlevi, hakuwahi kumwinulia mkewe mkono, hakuwa na nyumba ndogo pembeni, wala hakuwa mchoyo kwa ndugu. Alikuwa na lake moja tu: wazo likimwingia halimtoki, na lazima liwaingie na wengine.

Wazo kubwa kuliko yote lilimpata msibani. Rafiki yake wa siku nyingi alikuwa amefariki, na kabla wageni hawajamaliza kuondoka, watoto wa marehemu walianza kugombea friji na makochi mbele ya watu. Mkaguzi alirudi nyumbani akiwa mzito kama gunia lililolowa. Siku tatu hakusema la maana. Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, alimkalisha mkewe na kumweleza yote kwa mpangilio, kwanza, pili na tatu, kama alivyozoea kuwaeleza walimu wakuu. Wauze nyumba kubwa, wahamie nyumba ndogo pembeni ya mji. Wagawe vitu vyao wenyewe wakiwa hai, wasiwaachie watoto ugomvi. Wamchukue mama yake, aliyekuwa akikaa kwa dada yake Mkaguzi na ambaye macho yalikuwa yamekwisha, wamtunze wenyewe. Wapike wenyewe, waoke mkate wenyewe, washone nguo zao wenyewe. Mkewe astaafu mapema, ile miaka miwili iliyobaki aiache.

Mama Vipimo alikubali. Hilo nalo lisemwe, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kujisamehe. Alikubali kwa moyo mmoja, hata machozi yakamlengalenga. Miguu yake ilikuwa ikivimba kila jioni, na mgongo ulikuwa umeanza kumdai. Alijiona katika nyumba inayofagiliwa ikaisha kabla chai haijapoa, sufuria moja jikoni, na yeye amekaa karibu na dirisha akishona taratibu kitu cha mtoto wa binti yake, kitu chenye mshono wa mkono shingoni, ambacho hakingengojewa na wodi yoyote. Alijiona akila akiwa amekaa. Ndivyo alivyowaeleza wenzake kazini, nao wakamwonea wivu waziwazi.

Kugawa vitu kulianza wiki iliyofuata. Makochi yalikwenda kwa mpwa. Friji ilikwenda kwa dada yake Mkaguzi, kama asante ya kumlea mama. Jiko la gesi walipewa vijana waliofunga ndoa nyumba ya tatu, kwa kuwa jiko la mkaa, Mkaguzi alisema, lingetosha na lingewakumbusha walikotoka. Msaidizi wa nyumbani, mwanamke waliyekaa naye miaka kumi na moja, aliagwa kwa hotuba nzuri na machozi ya kweli. Cherehani ya umeme ilitolewa kwa kikundi cha kina mama. Hiyo Mama Vipimo hakuulizwa. Aliitwa tu siku ya kukabidhi, akapigwa picha ameishika upande mmoja, mumewe upande wa pili, wote wanatabasamu. Ile ya mkono, ya kuzungusha mpini, ilibaki. Mkaguzi alisema inatosha kwa watu watatu.

Ilimchukua muda kuona jambo ambalo jicho lake, lililozoea kupima, lilipaswa kuliona siku ya kwanza. Kila kilichoondoka nyumbani kilikuwa ni kile kilichompunguzia yeye kazi. Vitabu vya mumewe vilifungwa kwenye masanduku kumi na moja. Redio ilibaki. Kiti chake cha kuegemea kilibaki, maana mgongo ni mgongo.

Siku ya mwisho kazini walimwimbia. Wanawake wanane wa cherehani walimpa kitambaa cha samawati, mita tano, wakamwambia hicho asikishone cha mtu, akishone chake. Alirudi nyumbani mapema, alasiri, kitambaa kikiwa kwapani, akamkuta seremala sebuleni anapangusa msumeno.

Sebuleni palikuwa na meza yake ya kukatia nguo. Aliitengenezesha akiwa na mimba ya binti yake, mbao ngumu, ndefu kiasi cha kutandaza shuka nzima bila kukunja. Upande mmoja wa ubao alikuwa amechonga alama za vipimo kwa kisu, moja baada ya nyingine, ili asihangaike na tepu. Watoto wao wawili, binti huyo na kaka yake, walijifunzia kusoma kwenye ncha moja, yeye akikata sare za shule za majirani kwenye ncha ya pili. Sasa zilikuwa meza mbili. Seremala alikuwa amezipachika miguu mipya ile sehemu iliyokatwa, miguu mieupe ya mbao rahisi, na unga wa msumeno ulikuwa umetanda sakafuni kama pumba.

"Nilikwenda kupima jiko la kule," Mkaguzi alisema, amefurahi. "Nzima isingeingia. Nusu itakuwa ya jikoni, na hii nyingine nitawekea vitabu."

"Ungeniuliza."

"Nikuulize nini, mama watoto? Mlango una upana wake."

Mama Vipimo aliweka kitambaa chake juu ya kiti, akachukua ufagio. Seremala, ambaye alimfahamu kwa kumshonea suruali, alijaribu kumnyang'anya afagie yeye, akawa anasema chinichini kwamba alidhani wameshauriana, kwamba mbao kama ile mtu haikati hivihivi. Akamwambia asijali. Alifagia mpaka kwenye kona, akazoa, akatupa, akaingia kupika.

Nyumba mpya ilikuwa na vyumba viwili, kibaraza mbele na jiko nyuma. Chumba kimoja kilikuwa chao, cha pili cha mama mkwe. Majirani wa zamani walipomuuliza anaendeleaje huko, alikuwa na utani wake mmoja: wenzake waume zao wana nyumba ndogo, wa kwake amemhamishia yeye ndani yake. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye naye alicheka, mwanzoni.

Kumbe nyumba ndogo haina kazi ndogo. Alfajiri alikanda unga, akauacha uumuke akiwasha mkaa. Maji ya mama mkwe kuoga, uji wake usiwe mzito, kisha mkate, kisha maharage, ambayo kwa mkaa hula asubuhi nzima. Bila friji, kila kilichobaki ilibidi kichemshwe tena jioni na tena asubuhi. Nguo zilifuliwa kwa mkono, shuka za mama mkwe kila siku. Mchana alikaa kwenye cherehani. Cherehani ya mkono ina ujanja wake: mkono wa kulia unazungusha mpini, hivyo kitambaa kinaongozwa na wa kushoto peke yake, na mshono mrefu ukikosa mkono wa pili huanza kupinda kidogo kidogo, usione mpaka umefika mwisho. Mwanamke aliyekata magauni ya upasuaji kwa macho alijikuta anafumua pindo la pazia mara mbili, kama mwanafunzi. Na alikula akiwa amesimama, sahani juu ya ile nusu ya meza, kwa sababu kiti hakikuenea.

Mkaguzi hakukaa bure. Alilima matuta manne ya mboga yaliyonyooka kwa kamba, na alimsomea mama yake gazeti. Mkate ukitoka, aliugonga chini kwa kidole akisikiliza. "Leo umekaza kidogo," alisema, au, "Huu sasa ndio." Alikuwa na furaha ambayo mkewe hakuwahi kumwona nayo. Alinenepa. Usingizi, uliokuwa ukimkimbia miaka mingi, ulirudi. Aliwaandikia marafiki zake kwamba amezaliwa upya, akawaalika waje waone.

Nao wakaja. Kwanza wakaguzi wenzake wastaafu, wawili watatu. Kisha walimu, kisha vijana wenye ndoa changa waliosikia kwamba kuna mzee anaishi kwa vitu vichache na ana amani. Kufikia mwaka wa pili, kila Jumamosi asubuhi kibaraza kilikuwa kimejaa, watu kumi, kumi na wanne, na Mkaguzi amekaa kwenye kiti chake akizungumza. Wote walikula. Aliyekuja kuona maisha rahisi hangeweza kuondoka bila kuyaonja.

Akiwa jikoni, mlango wazi, mikono kwenye unga, Mama Vipimo alisikia kila neno, na sikio lake lilianza kunasa kitu. "Hapa kwetu mkate haununuliwi," mumewe alisema. "Unaokwa hapa hapa. Shati hili mnaloliona limeshonwa humu humu ndani. Mapazia yameshonwa. Mama anaogeshwa, analishwa, anabadilishiwa. Maharage yanapikwa kwa mkaa, polepole." Kila kitu kiliokwa, kikashonwa, kikapikwa. Aliyeoka, aliyeshona na aliyepika hakutajwa. Alikaa akisubiri atajwe, Jumamosi hii, Jumamosi ijayo, kama mtu anayesubiri jina lake lisomwe kwenye orodha ya waliofaulu. Kuna siku mgeni mmoja kijana aliingia jikoni kuomba maji, akatazama sufuria tatu na karai la nguo, akamwambia kwa heshima zote kwamba ana bahati kubwa kuishi bila pilikapilika. Alimpa maji.

Aliyemwona alikuwa mtu asiyeona. Mama mkwe, enzi zake, alikuwa mwanamke mkali. Mama Vipimo alipoingia kwenye ukoo ule akiwa msichana, mama huyo alimtoa jasho: chumvi imezidi, chumvi haipo, pindo limekaa upande. Sasa alikuwa amebaki mifupa na masikio. Alikuwa na mazoea ya kushika nguo ya mkwewe anapopita, akipapasa pindo kwa kidole gumba, na kusema, "Hapa mkono umechoka." Alikuwa hakosei. Siku moja akiogeshwa, mgongo umejaa sabuni, alisema ghafla kwamba alimtesa sana alipokuja kwake. Mama Vipimo alimwambia ni mambo ya zamani. Bibi akasema ya zamani kweli, lakini yeye anayakumbuka. Basi, wakaishia hapo. Tangu siku hiyo walikuwa wakikaa pamoja mchana, mmoja anashona, mwingine anakunja vitambaa kwa kupapasa, saa nzima bila neno.

Jumamosi moja mama mkwe aliomba atolewe nje barazani apate jua. Akawekwa kwenye mkeka, amejitanda, kimya, wageni wakamwamkia kwa zamu. Mkaguzi alikuwa kwenye hotuba yake. Alifika kwenye mkate. Akasema mkate haununuliwi, unaokwa hapa hapa.

"Unaokwa na nani?" mama yake akauliza.

Watu walicheka, wakidhani ni utani wa mzee. Mkaguzi naye akatabasamu. "Na sisi, mama."

"Sisi nani? Mimi macho sina, lakini masikio ninayo. Tangu niletwe hapa nasikia hatua za mtu mmoja tu jikoni."

Mwanamke mmoja kati ya wageni aligeuka akatazama mlango wa jikoni, na Mama Vipimo, aliyekuwa amesimama pale na sahani ya mkate uliokatwa, alijikuta anatazamwa na watu wote kwa mara ya kwanza. Alisubiri mumewe aseme. Angesema neno lolote, hata la aibu, hata la kujitetea, lingemtosha. Mkaguzi alikohoa. Akasema mama amechoka na jua, akainuka akamshika mkono kumrudisha ndani. Mkewe aliweka sahani chini na kurudi jikoni.

Usimdhanie vibaya Mkaguzi. Lilimchoma. Siku mbili alikuwa mnyonge, na siku ya tatu aliamka kabla ya mkewe, akawasha moto, akakanda unga mwenyewe kwa kufuata maelezo aliyoyaandika kwenye karatasi. Mkate ulitoka mgumu kama tofali, juu umeungua, ndani mbichi. Waliula hivyo hivyo, watatu wote, na kwa asubuhi ile moja Mama Vipimo aliona moyo wake unataka kulainika. Aliuruhusu. Akamwonyesha jinsi ya kujua unga umeumuka, kwa kuubonyeza na kuona kama unarudi.

Jumamosi iliyofuata alimsikia barazani akiwaeleza wageni kwamba mwanamume naye lazima aingie jikoni. Aliwaeleza habari za mkate wake ulioungua, kwa ucheshi mkubwa, wakacheka hadi machozi. Aliwaambia unga ukibonyezwa unarudi, wakaandika. Mkate waliokuwa wanakula wakati huo ulikuwa umeokwa na mkewe. Yeye hakuoka tena. Alioka mara moja tu, na mara hiyo moja ilimtosha kwa mazungumzo ya mwaka mzima.

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani ya Mama Vipimo, na hakikupiga kelele. Hakuvunja sahani. Hakurudi kwao. Aliendelea kukanda na kuogesha, ila akaacha kusubiri.

Mama mkwe alifariki msimu wa baridi, mchana, kichwa kikiwa juu ya mto alioshonewa na mkwewe kwa mabaki ya vitambaa. Ugonjwa haukumsumbua, alizimika tu. Mama Vipimo alimlilia kuliko alivyomlilia mama yake mzazi, na watu wa ukoo walishangaa, kwa sababu walizikumbuka enzi za chumvi. Mkaguzi alilia naye. Kwenye maziko alisema maneno mazuri kuhusu jinsi mama yake alivyotunzwa nyumbani mpaka pumzi ya mwisho. Alitunzwa.

Ndugu walipoondoka, Mkaguzi alipitisha macho chumbani mle pembe zote nne. Alisema kibaraza hakitoshi tena, hasa mvua zikianza. Chumba kile kingefaa kwa wageni: watoe kitanda, watandike mikeka, ile nusu ya meza ya vitabu iwekwe dirishani. Alisema mkewe angeweza kushona mito ya kukalia, ishirini hivi, kabla ya mvua. Alitoka akiwa na mawazo hayo kwenda kumwona seremala.

Aliporudi alikuta mlango umefungwa kwa ndani. Alisikia cherehani inazunguka. Akagonga, akafunguliwa. Mkewe alikuwa amehamisha nguo zake zote, zimening'inizwa ukutani. Cherehani ilikuwa dirishani. Juu ya kitanda cha marehemu palikuwa na kile kitambaa cha samawati, kimekatwa.

"Chumba hiki ni changu," Mama Vipimo alisema.

"Lakini tulikubaliana tuishi kwa vichache."

"Ndiyo. Chumba kimoja ni kichache. Na kuanzia leo napika chungu cha mtu mmoja. Moto nitauacha unawaka, ukitaka kupika."

Alisema kwa sauti ya chini kabisa, sauti aliyokuwa akiitumia kwa wauguzi wapya waliokuja kudai shuka kabla ya zamu yao. Mkaguzi, kizingitini, akauliza amemkosea nini, na lililomchoma zaidi Mama Vipimo ni kwamba aliuliza kweli, uso mtupu, hajui.

Jumamosi ya kwanza bila chakula, Mkaguzi aliwaambia wageni mkewe anaomboleza. Ya pili alinunua mikate dukani akaikata mwenyewe. Ya tatu walikuja watano. Kabla mvua hazijakolea wakawa wawili, wakaguzi wenzake wa zamani, waliokuja kwa mazoea na kuzungumzia magonjwa yao. Ikaonekana wengi walikuwa wakifuata mkate. Vijana wale wa ndoa changa walisikika wameenda kwingine, kwa mzee mwingine mwenye bustani kubwa.

Binti yao alipopata habari alikuja mbio, amemwacha mtoto kwa jirani. Alimkuta baba yake barazani amejikunyata na redio, mama yake chumbani anatia zipu suruali ya mtu. Alikaa kitandani akaanza kwa upole, kwamba umri wao sasa ni wa kutunzana, kwamba watu wanasema, kwamba baba amekonda. Mama yake alimwacha amalize.

"Baba yako hajanipiga," alisema. "Hajanitukana, hajaniletea mwanamke. Ndiyo maana unaniona mimi ndiye mbaya. Ningekuwa na kovu ningekuonyesha, mwanangu, tukamaliza."

Binti alilia. Halafu, akijifuta, akamwambia basi aje akae kwake, apumzike. Kuna gesi, kuna mashine ya kufulia. Mtoto anamtaka bibi yake. Na yeye mwenyewe anarudi kazini mwezi ujao, na msaidizi mzuri siku hizi hapatikani. Alisema yote hayo bila ubaya wowote, akimshika mama yake mkono. Mama Vipimo alimtazama usoni, uso aliouzaa, na akaona kwamba binti huyu ana macho ya baba yake: hayo hayo, masafi, yasiyojua. Alimwambia atakuja kumtembelea. Akamsindikiza mpaka njiani, akamfungia vigauni vitatu vya mtoto, vimeshonwa kwa mkono shingoni.

Sasa ni miaka minne. Wanaishi humo kama wapangaji wawili wenye adabu. Husalimiana asubuhi. Mmoja akienda sokoni humwuliza mwenzake anataka nini, na mwenzake humshukuru. Mama Vipimo hushona zipu, hupunguza na kuongeza nguo za watu, hupika kidogo na hula akiwa amekaa. Mambo yale aliyoyaota hospitalini ameyapata karibu yote, na hayana ladha. Mkono wake wa kulia umeanza kufa ganzi kwa ule mpini. Mchana mwingine humkumbuka mama mkwe kiasi cha kutaka kusema naye, na chumbani hakuna wa kumpapasa pindo.

Juzi, akitoka kuanika, alimkuta Mkaguzi nyuma ya nyumba ameinama kwenye karai, anafua shati. Lilikuwa moja ya yale ya zamani, lililoshonwa na mkewe, sasa limelegea kola. Alikuwa anasugua kifuani, palipokuwa safi, na kola yenye uchafu haigusi. Hajui kwamba uchafu wa shati huanzia shingoni. Miaka sabini na mitatu, na hakuna aliyewahi kumwambia, na yeye hakuwahi kuuliza. Shingo yake kwa nyuma ilikuwa nyembamba kama ya mtoto.

Huruma ilimjia Mama Vipimo, kwa nguvu, mpaka akasimama. Ilimjia kama zamani, kwenye mikono, mikono ikataka kulichukua lile shati. Angeinama tu. Dakika mbili, kola ingetakata, na kesho yake lingekuja jingine.

"Kola," alisema.

Mkaguzi akainua uso. "Nini?"

"Sugua kola."

Akapita, akaingia ndani. Kwa nyuma alisikia maji yanamwagwa na kufua kukianza upya, na hakugeuka kutazama kama anafanya sawasawa.